Siti binti Saad: Kutoka Vyungu vya Fumba hadi Santuri za Bombay

Utangulizi

Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni. Methali hii hufafanuliwa madarasani kwa maana ya kwamba mtengenezaji wa kitu kizuri aghalabu hakifaidi yeye mwenyewe. Fasiri hiyo ni sahihi, lakini haimalizi. Mfinyanzi hakosi chungu peke yake; hukosa na jina. Katika eneo la Amukura, nchi ya Wateso baina ya Busia na Malaba, chungu cha pombe ya wimbi huwekwa katikati, nao wazee wakakizunguka na mirija yao mirefu. Mwenye boma atashukuriwa, na aliyepika pombe atasifiwa. Mwanamke aliyekifinyanga chungu chenyewe hatakumbukwa na yeyote, ila labda siku kitakapopasuka. Hali haikuwa tofauti katika visiwa na mwambao wa Afrika Mashariki, ambako mitungi ya maji, vikaango na vyetezo vilijaa katika kila nyumba bila ya kutiwa sahihi ya aliyeviumba.

Makala haya yanaangalia maisha ya mwanamke aliyetoka katika jamii hiyo ya wafinyanzi wasiotajwa, akaliacha jina lake likijulikana kuliko majina ya wengi waliomdharau. Huyo ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyefariki mwaka wa 1950. Wasomi wa Kiswahili wanamfahamu zaidi kupitia wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert. Katika mijadala mingi, habari za vyungu alivyouza ujanani hutajwa upesi kama alama ya umaskini, kisha huachwa ili mazungumzo yahamie kwenye muziki. Makala haya yanashikilia kwamba vyungu hivyo havikuwa dibaji tu. Vilikuwa shule yake ya kwanza, na ndivyo vilivyogeuzwa silaha na mahasimu wake alipopata sifa.

Udongo wa Fumba

Siti alizaliwa Fumba, kijiji kilichoko kwenye rasi ya kusini mwa mji wa Unguja, yapata mwaka wa 1880. Inaelezwa kwamba asili ya baba yake, Saad, ilikuwa ya Unyamwezi na asili ya mama yake ya Uzigua, ingawa wote wawili walizaliwa Unguja. Jina alilopewa mtoto huyo halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Mtu asiyeijua historia ya visiwa hivyo anaweza kulichukulia jina hilo kuwa la bahati mbaya tu. Lakini katika Unguja ya wakati ule, ambapo mashamba ya karafuu yalitegemea jasho la watu walioletwa kutoka bara, lilikuwa jina lenye kubainisha tabaka. Utumwa haukufutwa kisheria Unguja hadi mwaka wa 1897, wakati Mtumwa binti Saad alikuwa tayari msichana mkubwa. Sheria ilibadilika, ila majina na mazoea hayakubadilika siku hiyo hiyo.

Wazazi wake walikuwa wakulima na wafinyanzi. Ufinyanzi katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ni kazi ya wanawake, nayo hufanywa kwa mikono mitupu bila ya gurudumu la kuzungushia udongo. Udongo huchimbwa, hupondwa, hutolewa vijiwe na mizizi, kisha hukandwa na maji hadi ulainike. Mfinyanzi huuinua ukuta wa chungu kidogo kidogo huku akiuzunguka, au akikizungusha chungu chenyewe. Akisha kukiunda hukikwangua, hukisugua na kukianika kivulini, kwa sababu jua kali hukipasua kabla ya wakati. Mwisho hukichoma katika moto wa wazi. Katika hatua hiyo ya mwisho kazi ya siku nyingi inaweza kuharibika kwa muda mfupi tu, kwa kuwa unyevu ukibaki ndani ya ukuta wa chungu, moto hukivunja.

Mtoto aliyelelewa katika kazi hiyo hujifunza mambo matatu hata kama hakuna anayemfundisha kwa maneno. Hujifunza subira, hujifunza kupima kitu kwa viganja na kwa sikio, kwani chungu kizima na chungu chenye ufa havilii mlio mmoja vikigongwa, na hujifunza kwamba mnunuzi hajali taabu ya mtengenezaji. Mtumwa binti Saad hakupelekwa shule, wala hakupata elimu ya chuoni utotoni kama walivyopata watoto wa wenye nafasi. Elimu yake ilikuwa ni hiyo ya udongo.

Kutembeza Vyungu

Chungu kikisha kuiva hakina faida mpaka kipate mnunuzi, na wanunuzi wengi walikuwa mjini. Binti Saad alibeba vyungu vya nyumbani kwao na kuvitembeza. Inasimuliwa kwamba alinadi bidhaa yake kwa kuimba, na kwamba sauti yake ilisikika kutoka mbali kabla ya yeye mwenyewe kuonekana. Watu wakajua kwamba muuza vyungu anakuja.

Jambo hili linastahili kuzingatiwa na kila anayesoma fasihi simulizi. Mchuuzi anayenadi kwa wimbo hana jukwaa wala hadhira iliyokaa kumsubiri. Hadhira yake imo ndani ya nyumba, nyuma ya kuta na milango, na imeshughulika na mambo yake. Ni lazima sauti ipenye, ni lazima maneno yasikike bila ya kumezwa na lahani, na ni lazima msikilizaji avutwe kabla ya muuzaji hajapita. Zaidi ya hayo, mchuuzi hana budi kuubadilisha wimbo wake kulingana na mtaa na mnunuzi. Haya ndiyo masharti yale yale yanayomkabili fanani yeyote wa fasihi simulizi, nayo Siti aliyatimiza kila siku kwa miaka, huku akiwa na mzigo kichwani usioruhusu kujikwaa. Wajuzi wa muziki waliokuja kumfunza baadaye walimwongezea ala, kanuni na nyimbo za Kiarabu. Hawakumpa pumzi wala uwezo wa kuiteka hadhira. Hivyo alikuja navyo kutoka Fumba.

Kuhamia Mjini

Inaelezwa kwamba Siti alihamia mjini mwaka wa 1911. Ili kuuelewa uzito wa hatua hiyo, inafaa kutazama taarabu ilivyokuwa kabla yake. Katika utawala wa Sultani Barghash bin Said, kati ya mwaka wa 1870 na 1888, muziki wa Misri uliingizwa katika kasri la Unguja. Mwaka wa 1905 kiliundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho wanachama wake walikuwa wanaume wa mjini waliopenda muziki huo. Taarabu ya wakati huo iliimbwa kwa Kiarabu. Ilikuwa sanaa ya kasri, ya sebule za wakubwa na ya wanaume. Mwanamke wa shamba, binti wa mfinyanzi, aliyeitwa Mtumwa, hakuwa na kiti katika sebule hiyo.

Mjini Siti alikutana na wanamuziki waliotambua kipawa chake. Alifunzwa uimbaji wa taarabu, matamshi ya Kiarabu na usomaji wa Kurani, ambao pia ulimpatia heshima. Hatimaye likajengeka kundi lililomzunguka, wakiwemo Subeti bin Ambar, Maalim Shaaban, Mbaruk na Buda. Walialikwa katika harusi na hafla, katika nyumba za matajiri wa Kiarabu na Kihindi, na pia katika mitaa ya Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe na makazi ya watu wa kawaida, wengi wao wakiwa watumwa wa zamani na wazao wao.

Ni katika kipindi hiki ndipo jina la Mtumwa lilipomwacha, akawa Siti, neno lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha bibi au mwanamke mwenye hadhi. Ni vigumu kupata majina mawili yaliyo mbali zaidi kuliko hayo. La kwanza lilimtaja kwa mmiliki asiyetajwa. La pili lilimtaja kama mtu anayejimiliki. Hata hivyo hakulibadilisha jina la baba yake ili ajifunike ukoo wa Kiarabu, kama walivyofanya baadhi ya watu wa enzi hiyo waliotaka kuikimbia asili yao. Aliendelea kuwa binti Saad.

Mchango wake mkubwa kwa fasihi ya Kiswahili ni kwamba aliiimba taarabu kwa Kiswahili, mbele ya hadhira pana, juu ya mambo ya hadhira hiyo. Nyimbo za kundi lake zilihusu mapenzi, lakini pia zilihusu mahakama, dhuluma, wizi wa makarani na mateso ya wanawake. Wimbo ujulikanao kwa jina la Kijiti ni mfano mzuri. Unahusu kisa cha mwanamke mgeni kutoka bara aliyeuawa, muuaji akatoroka, na wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu wakajikuta wao ndio wanaotiwa hatiani. Kwa watu wa Ng'ambo ambao hawakuwa na gazeti la kuwasemea, wimbo wa aina hiyo ulikuwa ripoti, hoja na hukumu kwa pamoja. Si ajabu kwamba nyimbo hizo zilivuma katika miaka ambayo wakazi wa Ng'ambo walikuwa wakipinga kodi za viwanja, upinzani uliofikia kilele katika mgomo wa mwaka wa 1928.

Sauti Juu ya Nta

Mwaka huo huo wa 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo zao chini ya nembo ya His Master's Voice. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa mwanzo kabisa wa Afrika Mashariki kurekodiwa kwa Kiswahili, na mwanamke wa kwanza katika eneo hili kupata umaarufu wa aina hiyo. Zilifuata safari nyingine. Santuri zake ziliuzwa kwa wingi Unguja, Pemba, mwambao wa Tanganyika na Kenya, na hata bara, kila mahali ambapo palikuwa na gramafoni na watu wanaokijua Kiswahili. Inafaa kukumbuka kwamba hiki ni kipindi ambacho Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1930, ilikuwa inaanza kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa kutegemea Kiunguja. Wakati kamati ikishughulikia tahajia na vitabu vya shule, santuri za Siti zilikuwa tayari zinakipeleka Kiswahili cha Unguja masikioni mwa watu wasiojua kusoma.

Namna santuri hizo zilivyotengenezwa inarudisha fikra kwenye kazi ya Fumba. Katika zama hizo sauti ya mwimbaji ilichimbwa kwa ncha kali juu ya bamba la nta laini. Kutokana na bamba hilo zikaundwa kalibu za chuma, na kutokana na kalibu zikapigwa chapa santuri ngumu za sandarusi ya wadudu. Maneno yalichorwa katika kitu laini, kisha kitu kikawa kigumu, na maneno yakabaki. Aidha, santuri hizo zilirithi udhaifu wa chungu: zikianguka zilivunjika vipande. Nyingi za zile zilizopenya katika nyumba za Unguja na mwambao hazipo tena.

Mfano wa kulinganisha unapatikana mbali sana na Unguja. Katika mji wa Kyoto, nchini Japani, aliishi mwanamke aitwaye Otagaki Rengetsu, aliyezaliwa mwaka wa 1791 na kufariki mwaka wa 1875. Baada ya kufiwa na mumewe wa pili mwaka wa 1823, huku akiwa amekwisha kuwazika watoto kadhaa, aliingia utawa wa Kibudha. Ili apate riziki alifinyanga vyombo vya udongo, hasa mabirika madogo ya kutayarishia chai ya kijani. Hakutumia gurudumu, aliyaminya kwa vidole, kama wanavyofanya wafinyanzi wa kwetu. Kabla ya udongo kukauka alichora juu yake, kwa ncha kali, shairi alilolitunga mwenyewe na kutia jina lake. Mabirika hayo yalipendwa mno hata wengine wakayaiga na kuyauza kwa jina lake, naye inasemekana hakuwazuia. Kwa hiyo mnunuzi wa birika alipata pia shairi, na mmiminaji wa chai alilisoma kila siku jina la aliyeliumba.

Tofauti ya wanawake hawa wawili inafundisha. Rengetsu alijua kuandika, na udongo wenyewe ukawa ukurasa wake. Siti hakuwa na kalamu. Vyungu alivyovibeba havikuandikwa chochote. Shairi lilikuwa hewani, likapotea pamoja na hatua zake, mpaka ilipopatikana mashine ya kulichora juu ya nta. Kama mashine hiyo isingefika katika maisha yake, na kama kundi lake halingepanda meli kwenda Bombay, huenda binti Saad angesahauliwa sawasawa na mikono iliyofinyanga vyungu vya mama yake.

Kejeli na Jibu

Sifa haikumfikia Siti bila ya maudhi. Katika utamaduni wa taarabu, mashindano ya mafumbo na vijembe ni jambo la kawaida, na mahasimu wake walijua pa kumchoma. Ulitungwa wimbo wa kumkejeli, ambao bado unajulikana kwa wapenzi wa taarabu. Wimbo huo ulihoji alianza lini kuhesabiwa kuwa mtu, ukamkumbusha jinsi alivyoingia mjini na kaniki, vazi la maskini na la watumwa, na ukadai kwamba pasipo sauti asingekuwa na chakula. Hapakuwa na hoja ya muziki ndani yake. Hoja ilikuwa utu. Mwenye asili ya shamba na utumwa, kwa mtazamo wa waliomkejeli, angeweza kuazima nguo na sifa, lakini hangeweza kuwa mtu kamili.

Siti alijibu kwa wimbo pia. Katika jibu lake hakukana kwamba alitoka Fumba, hakudai ukoo asiokuwa nao, wala hakujisifu kwa uzuri wa sura ambao mahasimu walisema hana. Aliweka akili na tabia juu ya sura na nasaba, na kuwaachia wasikilizaji waamue. Kwa mhakiki wa fasihi, jibu hilo lina umuhimu unaozidi ugomvi wa waimbaji. Linaweka kipimo kipya cha mtu katika jamii iliyozoea kupima watu kwa nasaba na rangi. Isitoshe, linafanya hivyo ndani ya sanaa ile ile iliyokuwa mali ya watu wa nasaba.

Inafaa kutambua kwamba kejeli hiyo ilisema kweli moja bila ya kukusudia. Ni kweli kwamba Siti alikula kwa sauti yake. Alikuwa amekula kwa sauti hiyo tangu alipokuwa akinadi vyungu. Waliomtukana walidhani wanataja aibu, kumbe walikuwa wanataja kazi.

Siku za Mwisho na Kumbukumbu

Miezi michache kabla ya kifo chake, Siti alikutana na Shaaban Robert, mwandishi aliyekuwa keshajijengea jina katika mashairi na nathari. Kutokana na mazungumzo yao ukazaliwa Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka wa 1958 na baadaye kusomwa na vizazi vya wanafunzi. Kitabu hicho ni miongoni mwa wasifu wa mwanzo wa Kiswahili kuandikwa na Mwafrika juu ya Mwafrika mwenzake asiyekuwa mfalme, shekhe wala shujaa wa vita. Siti hakukiona. Alifariki tarehe 8 Julai 1950.

Athari yake haikukoma hapo. Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, aliziimba nyimbo za Siti hadi uzeeni na kuzifikisha katika majukwaa ya Ulaya na kwingineko kabla ya kufariki mwaka wa 2013. Chama cha wanawake waandishi wa habari wa Tanzania, kilichoanzishwa mwaka wa 1987, kiliamua kuliita jarida lake Sauti ya Siti. Uchaguzi huo ulikuwa na maana: wanahabari walimtambua mwimbaji huyo kuwa mtangulizi wao, mwanamke aliyetangaza habari za wanyonge kabla ya wao kupata magazeti.

Hitimisho

Maisha ya Siti binti Saad yamesomwa mara nyingi kama safari ya kutoka umaskini hadi umaarufu. Usomaji huo hauna kosa, ila una hatari ya kuufanya umaskini kuwa kitu cha kuvuliwa na kutupwa, na kuwaacha Fumba wale wote waliobaki nyuma. Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba sanaa ya Siti ilianza na vyungu: subira ya mfinyanzi, pumzi ya mchuuzi, na ujuzi wa kumvuta msikilizaji aliye nyuma ya mlango.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, iwe anasoma pwani au katika mpaka wa Uganda, somo linalotokana na maisha haya ni la utafiti pia. Wapo wanawake wengi katika masoko yetu ambao hubeba vyungu, mboga au samaki, na hunadi kwa nyimbo. Wachache wao hurekodiwa, na nyimbo zao hazimo katika silabasi. Siti alipata bahati ya nta ya Bombay na kalamu ya Shaaban Robert. Wenziwe hawakuipata, na hiyo si dalili kwamba hawakuwa na la kusema.